Kutulia kwa Maumivu Si Kupona

Ndugu zetu Waislamu wa Meru na Embu, miongoni mwao watu wa Pwani waliohamia huko kwa biashara, na miongoni mwao wenyeji wa huko huko, wametuletea swali ambalo tumelizungumza katika darasa yetu zaidi ya mara moja. Twaona lastahiki kujibiwa hapa ili faida yake iwafikie na wasomaji wetu wa miji ya Pwani. Wauliza hivi: Mtu ameambiwa na madaktari kwamba mrija wa figo lake umezibwa, na kwamba hapana budi atibiwe kwa kupasuliwa au kwa kutiwa chombo ndani ya mwili. Akakataa, akasema, "Mimi nimemwachia Mwenyezi Mungu, nitasubiri." Je, mtu huyu ni mwenye subira atarajiwaye kupata ujira, au ni mwenye kuiangamiza nafsi yake? Na jamaa zake waliomsifu kwa imani yake, wao wana hukumu gani?

Jawabu ya swali hili yahitaji kwanza tujue figo ni nini, na mrija wake ni nini, kwani mwenye kuhukumu jambo asilolijua hupotea yeye akawapoteza na wengine.

Mwanadamu ameumbwa na mafigo mawili, nayo yako nyuma ya matumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kazi yake ni kuisafisha damu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo vidogo vipatavyo milioni moja, na mafigo yote mawili kwa siku moja huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini, ikabaki lita moja au mbili tu zikawa mkojo. Mkojo huo huteremka kwa mirija miwili, kila figo na wake, mpaka kibofuni. Urefu wa mrija mmoja ni sentimita 25 hadi 30, na wembamba wake ni milimita 3 au 4 tu. Katika njia hiyo nyembamba ndimo linamokwama jiwe lililofanyika figoni.

Jiwe likikwama, mkojo hauna pa kupita. Hurudi nyuma, figo likavimba, na mtu akashikwa na maumivu ya ubavuni na kiunoni ambayo walioyapata husema hawajaona mfano wake. Hatulii akikaa wala akilala. Ikiwa kizuizi hicho hakikuondoka, maumivu yale makali yaweza kupungua, kisha yakatulia kabisa, na jiwe lingali pale pale. Sababu yake ni kwamba figo lililozibwa huacha kazi yake kidogo kidogo, damu iliingiayo hupungua, mkazo ulio ndani yake hushuka, na mwenyewe akaona raha. Raha hiyo ni ya figo linalokufa. Madaktari huuhesabu muda wa kuliokoa kwa majuma, hawauhesabu kwa miaka. Na kizuizi kijacho polepole pengine hakimuumi mtu tangu mwanzo hata mwisho.

Ndugu wasomaji, tusimame hapa kidogo, kwani hapa ndipo penye shina la jambo. Maumivu ya figo hutulia kwa njia mbili. Ya kwanza ni jiwe kutoka. Mawe madogo, yaliyo chini ya milimita 5, mengi yake hutoka yenyewe kwa mkojo, na mtu akapona kweli. Ya pili ni figo kuharibika. Lakini mgonjwa hana njia ya kuzitenganisha kwa hisia zake. Utulivu ni mmoja, na raha ni moja. Wala baba yake hajui, wala sheikh wake hajui, hata akiwa na ilimu ya namna gani. Ajuaye ni yule aliyeangalia kwa mashine ya picha au ya mawimbi ya sauti akaona jiwe lipo au halipo, na figo limevimba au limenywea.

Ukilifahamu hili umefahamu vile vile siri ya wale wauzao dawa za kuyeyusha mawe, na wale waandikao makombe na kufunga hirizi kwa ajili ya maradhi haya. Mgonjwa huja kwao akilia. Akipewa kitu, na jiwe likatoka lenyewe, husema, "Nimeponeshwa." Akipewa kitu, na figo likafa, maumivu hutulia, naye husema vile vile, "Nimeponeshwa." Mganga hupata sifa na fedha kwa kupona na kwa kuharibika, wala hana siku ya kushindwa. Dawa isiyoweza kushindwa haina ushahidi, kwani ushahidi ni ule uwezao kukukanusha. Hatusemi kwamba kila atoaye mti shamba ni mwongo, wala hatukatazi dua. Dua ni ibada, na mgonjwa ni mwenye kuihitaji kuliko wote. Twasema kwamba dua haikuwekwa iwe pazia la kufunikia jambo lisilotazamwa. Aliyesomewa dua na aende akapigwe picha. Ikiwa amepona, picha haitampunguzia neema yake.

Sasa turudi kwa mwenye kusema nimemwachia Mungu. Neno hili ni tukufu, lakini yafaa tulipime kwa mambo tunayoyajua sisi watu wa bahari. Jahazi likitoboka, nahodha huomba dua huku mabaharia wanafua maji. Hatujapata kumsikia nahodha aliyeketi juu ya sitaha akasema, "Acheni kufua, mimi nimetawakali." Angesema hivyo, abiria wasingemwita walii, wangemwita mtu aliyekhini amana ya roho zao. Na kwa ndugu zetu wa Meru, tazameni magari yachukuayo miraa kutoka Maua. Dereva hutaja jina la Mungu anapoondoka, lakini haondoki mpaka ajue breki zake zinashika. Kumtegemea Mungu ni kazi ya moyo, na kufua maji ni kazi ya mikono, wala moja haikuumbwa ili iiondoe nyingine.

Subira nayo ina mahali pake. Subira ni kustahimili lile lisiloondoka, au kustahimili machungu ya kuliondoa lile liondokalo. Mtu aliyelala juu ya kitanda cha hospitali akangoja kisu huku moyo unampiga, huyo yuko katika subira. Yule aliyekimbia kitanda hicho kwa kuogopa kisu, yuko katika khofu. Khofu si dhambi, kwani kila mwanadamu huogopa kukatwa mwili. Makosa ni kuivisha khofu kanzu ya subira, kisha watu wakaja kuibusu mkono. Afadhali mtu aseme, "Naogopa," kwani mwenye kusema naogopa aweza kuelezwa akatulizwa. Aliyesema, "Hii ni imani yangu," nani atathubutu kubishana naye?

Lakini haki yapasa isemwe pande zote mbili. Mafakihi wa madhehebu yetu hawakusema kwamba kila matibabu ni faradhi. Walio wengi wameyaweka katika sunna, na wako walioyafanya wajibu pale ambapo faida yake ni ya hakika na kuyaacha kwapeleka kwenye kuangamia. Basi hatumwiti mwasi mzee aliyedhoofika, ambaye daktari mwenyewe amwambia kwamba kupasuliwa kwake kuna shaka, naye akakhiari kukaa nyumbani pamoja na watoto wake. Khiyari hiyo ni yake, wala si ya mtu mwingine. Ama yule ambaye mrija wake umezibwa, na usaha umeingia nyuma ya kizuizi, na homa inamtetemesha, huyo hayuko katika mlango wa sunna. Sumu ya usaha huo yaweza kuingia katika damu ikamwua kwa siku chache, na kuufungulia njia ni jambo linalojulikana, linalofanywa kila siku. Kumwacha mtu kama huyo nyumbani na kumsomea sifa za imani yake ni kushiriki katika kuangamia kwake. Hiyo ndiyo jawabu yetu juu ya jamaa zake.

Tena twaona kwamba wengi waogopa kisu ambacho hawatatiwa. Khofu yao ni ya zamani, na ilikuwa na haki yake zamani. Mababa zetu katika ilimu walilijua jiwe. Ar-Razi aliandika kitabu juu ya mawe ya mafigo na ya kibofu. Az-Zahrawi wa Andalusi, katika sehemu ya mwisho ya kitabu chake At-Tasrif, alieleza namna ya kupasua ili kutoa jiwe la kibofu, na chombo chembamba cha kulitoboa jiwe lililokwama katika njia ya mkojo. Lakini figo lenyewe halikuwa likifikiwa ila kwa khatari kubwa. Mwaka 1869, katika mji wa Heidelberg huko Ujerumani, tabibu Gustav Simon alimtoa figo zima mwanamke aliyekuwa akivuja mkojo kwa sababu ya mrija ulioharibika. Kabla ya kufanya hivyo alikuwa amewajaribu mbwa ili ajue kama kiumbe chaweza kuishi kwa figo moja. Mwanamke yule akapona. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: ili kutibu mrija, hutolewa figo zima.

Leo mambo yamegeuka. Mwaka 1976 matabibu wa Sweden, Fernström na Johansson, walieleza namna ya kulitoa jiwe la figo kwa tundu jembamba la mgongoni. Mwaka 1980, mjini Munich, mgonjwa wa kwanza alivunjwa jiwe lake kwa mawimbi yapitayo juu ya ngozi, pasina kukatwa hata kidogo. Katika miaka hiyo hiyo vikatengenezwa vyombo vyembamba vyenye taa, vya kupitishwa katika njia ya mkojo mpaka ndani ya mrija wa figo, na baadaye ukaongezwa mwanga mkali wa leza wa kulisaga jiwe likawa vumbi. Mwaka 1990, huko Marekani, figo lililoharibika lilitolewa kwa matundu madogo badala ya mkato mrefu wa ubavuni. Si kila hospitali ina mashine hizi, na mkato mkubwa ungaliko kwa wanaouhitaji. Lakini mtu na aulize kwanza, "Mtanifanyia nini?" kabla ya kukimbia jambo ambalo huenda hakuna aliyekusudia kumfanyia.

Wako wasemao, "Mungu amenipa mafigo mawili, moja likifa, nina la pili." Ni kweli kwamba mtu huishi kwa figo moja, na wako watu wema waliowapa jamaa zao figo tangu alipotoa mtu wa kwanza kumpa pacha wake mjini Boston mwaka 1954. Lakini yule alitoa figo lake kumpa uhai nduguye, na wewe walitupa bure. Wala la pili halikuja na dhamana. Kisukari na shinikizo la damu, maradhi yaliyojaa katika nyumba zetu, huyaharibu mafigo kimya kimya, na siku hilo la pili litakapochoka utatamani lile uliloliita la ziada.

Na watu wa Pwani wana jambo lao khasa. Kichocho cha mkojo, kinachojulikana sana Kwale, Kilifi na mtoni Tana, si ugonjwa wa kuwatania watoto wakojoao damu. Mayai ya mdudu wake hukaa katika ukuta wa kibofu na katika mwisho wa mirija ya figo, yakafanya makovu, na makovu yakaibana mirija. Dawa humwua mdudu, wala haiwezi kuliondoa kovu lililokwisha kukomaa. Mtu aweza kuogelea katika bwawa la Kwale akiwa mtoto, akahamia Meru au Embu akafungua duka, na akiwa na miaka arubaini figo lake likavimba pasina jiwe wala maumivu. Daktari wa bara huenda asilikumbuke jambo hili upesi, kwa kuwa kichocho kijulikanacho katika mashamba ya mpunga ya Mwea, karibu na Embu, ni kile cha matumbo. Basi mwambieni daktari mlikozaliwa na maji mliyoyaoga. Khabari hiyo ni nusu ya matibabu.

Wanawake nao wamedhulumiwa katika mlango huu. Yuko mwanamke ambaye katika uzazi mgumu, au katika kupasuliwa tumbo, mrija wake wa figo hujeruhiwa, akawa anavuja mkojo usiku na mchana. Mumewe humtenga, na jirani huziba pua. Mwenyewe hudhani ameandikiwa aibu, akajificha chumbani miaka na miaka. Jeraha hilo huponeshwa: mrija huunganishwa upya na kibofu, wala hapana haja tena ya kutoa figo kama ilivyokuwa mwaka 1869. Kumficha mwanamke huyu kwa jina la sitara ni kumzika angali hai. Wala yasisemwe maneno kwamba hana sala. Hukumu ya mwenye mkojo usiozuilika inajulikana: hujisafisha, hujihifadhi, hutawadha kwa kila faradhi baada ya kuingia wakati wake, akasali. Na hukumu hiyo hiyo yamfaa mgonjwa aliyetolewa mpira mgongoni au ubavuni wenye kumimina mkojo katika mfuko. Wapo walioacha sala kwa ajili ya mfuko huo, na wapo waliokataa mfuko kwa kuchelea sala. Wote wawili wamejitia dhiki isiyokuwamo katika sharia.

Ama kuhusu kutazamwa uchi, atafutwe tabibu mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke akipatikana. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake, na lifunuliwe lile linalohitajiwa tu. Na walioingiwa na shaka kwa kuwa hospitali nyingine za huko ni za misheni, kama ile ya Chogoria, iliyo baina ya Embu na Meru, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1922, twawajibu kwamba makhalifa wa Baghdad waliwatumia matabibu Wakristo, na Hunain bin Is-haka alikuwa mmoja wao. Mgonjwa hutafuta ilimu na uaminifu wa tabibu.

Uaminifu huo una sharti zake, nasi twamkumbusha tabibu kama tulivyomkumbusha mgonjwa. Haitoshi mzee wa kijijini kutiwa dole gumba katika karatasi ya Kiingereza asiyoijua. Ridhaa ni kufahamu. Aelezwe kwa Kimeru, kwa Kiembu au kwa Kiswahili: utafanywa hivi, khatari yake ni hii, ukiacha itakuwa hivi. Dole gumba lisilo na ufahamu ni wino tu.

Jambo la mwisho ndilo tulitiliao mkazo kuliko yote, kwa kuwa halimhusu mgonjwa peke yake. Mara nyingi, katika kutibu mrija uliozibwa, daktari hutia ndani yake mrija mwembamba wa plastiki, uliojikunja ncha zake mbili, mmoja figoni na mmoja kibofuni, ili mkojo upate kupita. Chombo hiki ni neema, lakini ni neema yenye tarehe. Hukaa siku, au majuma, au miezi michache kwa kadiri asemavyo daktari, kisha lazima kitolewe. Kikisahauliwa, chumvi za mkojo hukigandamia, kikageuka jiwe lenyewe, na figo lililookolewa likafa kwa kile kilichokuja kuliokoa.

Kwa nini watu hawarudi kukitoa? Wengine hawakuambiwa kwamba wamo nacho, na hilo ni deni la hospitali. Wengine waliambiwa, lakini maumivu yalipotulia wakaona wamepona, na hilo ndilo kosa lile lile tulilolieleza tangu mwanzo. Na wengine wajua vyema wala hawana nauli. Kutoka Meru mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Embu ni zaidi ya 100. Mtu aliyeuza mbuzi wake ili atiwe mrija, atauza nini ili utolewe?

Hapa hatumwulizi tena mgonjwa juu ya subira yake. Twaiuliza jamaa ya msikiti. Twachanga kwa maulidi, kwa arusi, kwa mazulia mapya ilhali ya zamani hayajachakaa. Twachanga pia kwa sanda ya maiti, na hilo ni jema. Lakini nauli ya mtu mmoja kwenda kutolewa mrija ni ndogo kuliko gharama ya mazishi yake. Tangu Oktoba 2024 bima ya serikali imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mchango wa chini wa nyumba moja ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Haimalizi kila gharama, lakini ni mlango. Ni nyumba ngapi za masikini ambazo msikiti mmoja ungeweza kuzilipia?

Twapendekeza jambo dogo. Kila msikiti, wa Meru na Embu na wa miji yetu ya Pwani pia, uwe na mtu mmoja mwaminifu mwenye daftari. Mgonjwa atokaye hospitali na chombo mwilini, akitaka mwenyewe, aandikwe tarehe ya kutolewa. Juma moja kabla ya tarehe hiyo aendewe aulizwe: "Una nauli? Una mtu wa kukusindikiza?" Siri yake ihifadhiwe, kwani maradhi ya mtu si khabari ya barazani.

Basi jawabu yetu kwa ufupi ni hii. Mwenye mrija uliozibwa, ambaye matibabu yake yajulikana na kuyaacha kwaangamiza, hana ruhusa ya kuyaacha akayaita hayo subira. Jamaa wamsifuo wana sehemu katika dhambi hiyo. Na jamaa walioweza kumsaidia arudi hospitali wakanyamaza, nao wana sehemu yao, ijapokuwa walimwombea dua kila Ijumaa. Mwili ni amana, na amana hurejeshwa ikiwa imetunzwa. Mwenyezi Mungu awaponeshe wagonjwa wetu, awape matabibu ilimu na huruma, na atupe sisi sote taufiki ya kutenda. Wallahu aalam.